Kisanduku cha mfukoni cha Cotman: rangi zake zinafika wapi kati ya mwanga na giza

Wanunuzi wengi wa rangi za maji hapa Nairobi huhesabu vidonge kwanza, yaani vile vipande vikavu vya rangi vilivyomo kisandukuni, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana visanduku vyenye rangi 36 au 48 huwekwa mbele kwenye rafu. Mimi naona swali la kuuliza ni jingine: rangi iliyokolea kuliko zote ndani ya kisanduku inafikia giza la kiasi gani ikishakauka, na zile nyingine zimejipanga vipi kati ya giza hilo na weupe wa karatasi? Kwa kipimo hicho, kisanduku cha mfukoni cha Cotman kutoka Winsor & Newton, chenye vidonge 12 tu, kinavishinda vingi vinavyokizidi kwa idadi. Nitaeleza ni kwa nini, na pia ni wapi mnunuzi anapaswa kujua mipaka yake kabla ya kutoa pesa.

Winsor & Newton ilianzishwa London mwaka 1832 na William Winsor na Henry Newton. Cotman ni daraja lake la rangi za wanafunzi, lililopewa jina la John Sell Cotman, mchoraji Mwingereza wa rangi za maji aliyefariki mwaka 1842. Ndani ya kisanduku cha mfukoni mna njano mbili, ya limau na ya kadimiamu. Nyekundu mbili, ya kadimiamu na ile ya alizarini inayokaribia damu ya mzee. Buluu ya ultramarini na samawati ya serulia. Kijani cha viridiani, chenye ubuluu, na kijani cha sapu, chenye unjano. Kisha rangi za udongo, yaani oka ya njano, siena ya kuchomwa, ambayo ni kahawia yenye wekundu, na amba ya kuchomwa, kahawia iliyokolea. Na mwisho nyeupe ya Kichina. Nyeusi haimo. Aliyezoea kuchora kwa penseli huenda akaliona hilo kuwa pengo kubwa, lakini kwangu ni sababu mojawapo ya kukipenda kisanduku hiki.

Rangi ya maji ni unga wa rangi ulioshikanishwa kwa gundi ya mgunga, gundi ile ile inayovunwa kwa wingi Sudan na pia katika kaunti zetu za kaskazini kama vile Turkana na Garissa. Ikishapakwa na kukauka huacha utando mwembamba unaopitisha mwanga: mwanga hupenya utando, hugonga karatasi, kisha hurudi machoni ukiwa umepungua. Kwa hiyo mwanga wote wa picha hutoka kwenye karatasi, na kazi ya mchoraji ni kuamua aupunguze wapi na kwa kiasi gani. Njia za kuupunguza ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza unga na kupunguza maji, na hii kila anayeanza huijua. Ya pili, ambayo husahaulika, ni kubadilisha rangi yenyewe, kwa sababu kila rangi ina kikomo chake cha giza ambacho haikivuki hata ukiipaka nzito kama uji. Mmarekani Albert Munsell, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alipanga rangi kwa ngazi kutoka 0 ya weusi kamili hadi 10 ya weupe kamili, alionyesha kuwa njano huwa na ukali wake wote ikiwa juu, karibu na ngazi ya 8, ilhali buluu inayoelekea zambarau huufikia ukali wake ikiwa chini, kwenye ngazi ya 3 au 4. Maana yake ni kwamba mchoraji anapochagua rangi, amekwisha kuchagua kwa kiasi kikubwa na mwanga wake.

Jaribio nililokifanyia kisanduku hiki ni rahisi, na ningependa kila mnunuzi alifanye siku ya kwanza. Chukua karatasi nene, lowesha kila kidonge kwa tone la maji safi na ukiache kidogo kilainike, kisha paka kila rangi mstari unaoanza mzito kabisa na kuendelea kupungua kwa maji hadi uishe kwenye weupe. Acha mistari yote ikauke kabisa. Halafu ipige picha kwa simu, mchana, kivulini, uigeuze picha iwe ya nyeusi na nyeupe. Ukitazama picha hiyo utaona jambo ambalo macho peke yake hayakuambii. Njano ya limau, hata kwenye ncha yake nzito, karibu itoweke ndani ya karatasi. Oka ya njano inashuka kidogo tu chini ya hapo. Nyekundu ya kadimiamu, ambayo macho yanaiona inawaka kuliko zote, inageuka kuwa kijivu cha katikati, na samawati ya serulia iko jirani yake, wala hazitofautiani sana. Siena ya kuchomwa inashuka zaidi. Mwishoni kabisa wamo wazito wenyewe: alizarini, viridiani, amba na ultramarini, ambazo kwenye ncha zao nzito zinakaribia weusi.

Hapo ndipo ubora wa kisanduku unapoonekana. Rangi 12 zimetawanyika kutoka juu hadi chini, na kila eneo la ngazi lina angalau kidonge kimoja kinachoweza kulishika bila kulazimishwa. Nililinganisha na kisanduku cha rangi 36, kisicho na jina la maana, kutoka duka moja la katikati ya jiji ambalo sitalitaja. Kwa macho kilipendeza mno. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, zaidi ya nusu ya mistari yake ilijikusanya katikati, kijivu karibu na kijivu, na hata ile iliyoitwa buluu ya usiku haikuweza kushuka. Sababu yake ni kwamba rangi za bei ya chini sana huwa na unga mchache wa rangi na kijazio kingi cheupe, na kijazio hicho, kikishakauka, hurudisha mwanga hata pale usipotakiwa. Mtoto wa shule anayechora ua na nyumba hatapungukiwa. Anayetaka kuchora mti wa mugumo wenye kivuli chini yake ataongeza rangi, ataongeza tena, na kivuli kitazidi kuwa na ukungu bila kupata kina.

Huenda msomaji akauliza: je, Cotman nayo si daraja la wanafunzi? Ni kweli, na ndiyo sababu bei yake iko chini ya ile ya daraja la juu la kampuni hiyo hiyo. Lakini ni muhimu kujua punguzo limefanyika wapi. Madini ya kadimiamu ni ghali, kwa hiyo njano na nyekundu zinazobeba jina hilo katika Cotman zimetengenezwa kwa unga mwingine wenye sura inayokaribiana. Vivyo hivyo serulia, na vivyo hivyo viridiani. Ultramarini ni habari tofauti. Zamani ilisagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa milimani Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya kutisha, hadi mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipopewa tuzo kwa kuitengeneza kiwandani. Tangu hapo imekuwa rangi ya bei nafuu. Siena na amba nazo ni oksidi za chuma, hazina gharama kubwa. Kwa maneno mengine, nyingi ya rangi zinazobeba giza katika kisanduku hiki ni zile ambazo mtengenezaji hana sababu kubwa ya kuzibania. Hasara ya daraja la wanafunzi huangukia zaidi rangi angavu za juu, ambako weupe wa karatasi unatusaidia kwa hali yoyote.

Sasa nirudi kwenye nyeusi ambayo haimo. Changanya ultramarini na siena ya kuchomwa, zote mbili nzito, na utapata giza linaloshinda nyeusi nyingi za visandukuni, tena lenye uhai, kwa sababu unaweza kulielekeza. Ultramarini ikizidi, giza linapoa na linafaa kivuli kilicho chini ya gari au ndani ya mlango ulio wazi. Siena ikizidi, linapata joto na linafaa shina la mti au paa la mabati lililoshika kutu. Ukiongeza maji kwenye mchanganyiko huo huo, unapanda ngazi moja baada ya nyingine kupitia kijivu cha kila namna hadi kijivu hafifu cha mawingu ya Julai. Alizarini na viridiani nazo hutoa giza kubwa, pengine kubwa zaidi, lakini viridiani ya Cotman hushika karatasi kwa nguvu na haifutiki kirahisi, kwa hiyo mtu ambaye bado anasitasita kuhusu mahali pa kivuli aanze na ultramarini, ambayo brashi yenye unyevu inaweza kuinua sehemu yake na kurudisha mwanga kiasi.

Nimekitumia kisanduku hiki kuchora Msikiti wa Jamia asubuhi yenye jua, na sijui somo jingine katikati ya jiji linalofundisha mwanga na giza kwa ukali kama lile. Kuta ni nyeupe, kuba tatu zina rangi ya fedha, minara ni miwili, na jua letu la karibu na ikweta hupanda haraka sana hivi kwamba kivuli cha saa tatu si kivuli cha saa tano. Upande wenye jua haupakwi kitu. Ni karatasi tupu. Upande wa kivuli ndio wenye mtihani. Ni ukuta mweupe, akili inasisitiza ni mweupe, lakini ukiutazama kwa kukaza macho hadi kope zikaribie kufungana utaona kuwa ni mzito kuliko anga iliyo nyuma yake. Niliupaka kwanza kwa serulia iliyotiwa siena kidogo sana. Sura ilikuwa ya upole, ya hewa, na ingefaa siku ya mawingu. Kwa siku ya jua haikutosha, kwa kuwa serulia ni rangi ya katikati na kabla haijafika giza linalotakiwa inakuwa buluu kupita kiasi, ukuta ukaonekana umepakwa rangi badala ya kuwa kivulini. Karatasi ya pili nilitumia ultramarini na siena. Kijivu kilishuka hadi ngazi niliyoitaka kikiwa bado kimetulia, na papo hapo ukuta wenye jua, ambao sikuugusa, ukawaka.

Kuwaka huko kuna maelezo. Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyesimamia idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1839 kuwa rangi mbili zilizowekwa ubavuni hubadilishana sura: kilicho chepesi huonekana chepesi zaidi kando ya kilicho kizito, na kizito huonekana kizito zaidi. Mchoraji wa rangi za maji hana rangi nyeupe kuliko karatasi yake. Akitaka mwanga uongezeke hana njia isipokuwa kushusha jirani yake, na hiyo ndiyo sababu ninasisitiza kikomo cha giza cha kisanduku kuliko idadi ya vidonge. Kisanduku kisichoshuka chini hakiwezi kupanda juu pia.

Njano inastahili aya yake, kwa kuwa Nairobi ni jiji la mstari wa njano. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliyataka matatu yabebe mstari huo ubavuni, na anayechora barabara yoyote ya mjini atakutana nao, nusu juani na nusu kivulini. Upande wa jua ni rahisi: kadimiamu ya njano, nyepesi, juu ya karatasi kavu. Kwa upande wa kivuli wengi huchukua njano ile ile na kuitia weusi, na matokeo yake ni kijani kibovu cha zeituni, kwa kuwa njano na nyeusi huzaa kijani. Njia inayofanya kazi ni kushuka ngazi kwa kubadilisha rangi: oka ya njano pale kivuli kinapoanza, oka na siena kinapozidi, na siena yenye tone la ultramarini kwenye kona iliyofichika kabisa. Jicho la mtazamaji litaendelea kuuona mstari ni wa njano mwanzo hadi mwisho, ingawa njano yenyewe imo sehemu moja tu. Rangi tatu za udongo ndani ya kisanduku hiki zinaifanya kazi hiyo vizuri sana, na ningezichukua kabla ya kijani kimojawapo kama ningelazimishwa kuchagua.

Tatizo la kinyume huja mwezi wa Oktoba, jakaranda zinapochanua. Zambarau ni rangi ambayo tumezoea kuiona nzito, kwa hiyo wengi huchanganya ultramarini na alizarini kwa nguvu zote na kupata mti wa usiku mchana kweupe. Lakini ua la jakaranda lenye jua ni jepesi, liko juu ya katikati ya ngazi, na mara nyingi linakaribiana kabisa na anga iliyo nyuma yake. Linajitenga nayo kwa rangi, wala si kwa mwanga. Piga picha ya nyeusi na nyeupe utaona maua yakiyeyuka ndani ya anga. Kwa somo hili kisanduku kinakutaka uwe na ujasiri wa maji: mchanganyiko ule ule, maji mengi, na giza liwekwe kwenye matawi na shina peke yake.

Kuna mambo mawili ambayo hakuna kisanduku kitakachokuokoa nayo. La kwanza ni kukauka. Rangi mbichi huonekana imekolea kwa sababu maji husawazisha uso wake na mwanga huingia ndani. Ikikauka, uso huwa na mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga, na rangi hupauka. Kwa hiyo paka giza ngazi moja zaidi ya unavyotaka. Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari utando hukauka upesi na unaona kosa mapema, lakini Juni na Julai, jiji likiwa limefunikwa na mawingu na baridi, karatasi hukaa na unyevu muda mrefu na mtu hujidanganya kuwa amefika. La pili ni karatasi yenyewe. Karatasi nyembamba ya daftari hunyonya unga ndani na kuua giza. Tumia ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na ukiweza pata ya pamba, ambayo rangi hukaa juu yake vizuri zaidi na kuvumilia kupakwa tena. Kama pesa ni za kuchagua, ningemshauri mtu apunguze kwenye kisanduku kabla ya kupunguza kwenye karatasi.

Kuhusu vifaa vingine nitasema kwa ufupi. Brashi ndogo iliyomo inafaa kuchora ukiwa umeketi kwenye benchi la bustani ya Arboretum ukiwa na daftari mapajani. Kwa anga pana au ukuta mzima tafuta brashi ya mviringo namba 8 au 10. Kifuniko hutumika kama sahani ya kuchanganyia, na nafasi yake inatosha picha ya ukubwa wa kadi ya posta, lakini giza la picha kubwa lichanganywe kwenye sahani nyeupe ya kauri, kwa kuwa giza likikwisha katikati ya kivuli ni vigumu sana kulipata tena likiwa sawasawa. Nyeupe ya Kichina haipitishi mwanga kama zile nyingine. Ukiitia kwenye mchanganyiko wa giza unaupandisha na kuutia ukungu, jambo ambalo ndilo tulilolikimbia katika visanduku duni. Ina matumizi yake kwa nukta chache za mwisho, kama mng'ao wa kioo cha gari, basi.

Kisanduku hiki hugharimu mara kadhaa ya vile vya rangi nyingi vinavyouzwa pamoja na madaftari ya shule, na bei hubadilika kutoka duka hadi duka, kwa hiyo uliza mahali pengi. Kwa mwanafunzi wa sanaa, mwalimu anayefundisha darasa dogo, au mtu mzima anayetaka kuanza kwa uzito, nakipendekeza bila kusita. Kwa mtoto ambaye bado anafurahia kuona rangi nyingi kwa pamoja, subiri kwanza. Anayechora picha kubwa za giza zito atafaidika zaidi na tyubu, kwa sababu unga ndani yake uko tayari umelainika na unapatikana kwa wingi mara moja. Na kwa kuwa vidonge vya Cotman vinatoka na kuuzwa kimoja kimoja, ushauri wangu kwa atakayekinunua ni kuitoa nyeupe ya Kichina baada ya muda na kuweka mahali pake kidonge cha kijivu cha Payne, ambacho nacho kimo katika orodha ya Cotman, ili awe na giza moja la haraka kwa siku ambazo mwanga unakimbia na hakuna muda wa kuchanganya.